Bunduki ya Baba

Jana fundi wa nguo alitia mafuta kwenye cherehani yake, na harufu ile ikanirudisha nyumbani kwetu mtaa wa Carama, wakati wa vita. Baba alikuwa amenunua bunduki kuukuu kwa mwindaji mmoja mzee. Ilikuwa na mkono wa chuma chini, unaoshushwa na kupandishwa ili risasi iingie. Kila Jumapili baada ya misa aliipangusa taratibu kwa mafuta ya cherehani ya mama, kisha akaifunga ndani ya kitenge.

Mchana mmoja vijana wa mtaa walisimama mlangoni.

"Muzee, tupatie ile bunduki," mmoja alisema. "Tunaenda mtaa wa Mutakura. Kuna watu tunatafuta kule."

"Apana," baba alijibu. "Mi niliinunua juu ya kulinda watoto wangu."

"Basi tutaichukua."

Mama alinivuta nyuma yake. Baba aliingia chumbani, akatoka na bunduki, akawapita kabla hawajanyoosha mkono, mpaka chooni uani. Tuliisikia ikigonga ukuta wa shimo, kisha ikazama.

Alirudi akanawa mikono, akaketi mlangoni mbele yao. Vijana waliondoka polepole, wakigeuka kututazama. Sasa walijua hatuna kitu cha kujilinda.