Matairi Matano ya Bi Somoe

Bora niseme mwenyewe kabla Kelvin wa darasani kwetu hajawasimulia kwa maneno yake: lile bati lililotua juu ya meza ya keki siku ya mahafali ya kidato cha nne, mbele ya mgeni rasmi na wazazi wote, lilitoka kwenye nyumba ya jirani yangu, na aliyelifungua ni mie. Upepo ulimalizia tu. Shuleni naitwa Bati mpaka leo, na hata vile vitoto vya fomu wani vinavyotetemeka vikimwona mwalimu, mie vinaniita "kaka Bati" bila woga wowote.

Sie tunakaa Goba, kule juu vilimani, ambako ukitumwa soda ya baridi dukani unafika nayo nyumbani imeshakuwa chai. Jirani yetu ukuta kwa ukuta ni Bi Somoe, mama wa Kimakonde kutoka Newala, mjane. Mume wake, Mzee Chilumba, alikuwa mchonga vinyago, na paa la nyumba yao alilipiga mwenyewe kwa misumari michache na imani nyingi, halafu akapanga juu yake matairi matano ya gari ya kulikandamiza. Na kwa kuwa matairi mabovu mtaani kwetu huwa yana miguu (unalala nalo, unaamka limeshakuwa katambuga miguuni mwa mtu), kila moja aliliandika kwa rangi nyekundu, herufi zimepinda kama vile kazichonga: CHILUMBA. USIGUSE. Mzee akafariki, matairi yakabaki juu.

Sasa shuleni tukatangaziwa kila mwanafunzi alete tairi bovu, yapakwe chokaa na kupandwa maua, mahafali yamekaribia. Wenzangu wakashuka mpaka gereji za huko Mbezi, wakarudi wanaviringisha matairi mlimani, ulimi nje. Mie nikainua macho tu.

"Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba mwanangu. Leo una adabu, unataka nini?"

Nikamweleza. Akalitazama paa, akanitazama mie. "Na upepo je?"

Hapo ndipo elimu yangu ilipofanya kazi. Wiki ile ile Mwalimu Mushi wa jiografia alikuwa ametufundisha habari za tornado, ule upepo unaozunguka na kuzoa kila kitu, na mie nilishika sentensi moja: kwamba kwenye nchi zenye hali ya hewa tulivu unatokea kwa nadra, na ukitokea mara nyingi ni mdogo, dakika chache umekwisha. (Aliendelea kusema kitu kingine, ila wakati huo nilikuwa nimeshageuka nyuma namwigiza Kelvin anavyosinzia.)

"Bi Somoe, paa kuruka ni mambo ya Amerika, kule ng'ombe anapaa. Hapa Goba upepo kazi yake ni kuangusha chupi za watu kwenye kamba, basi."

Akacheka mpaka akashika mlango. Bi Somoe ndiye mtu pekee mtaani aliyekuwa anacheka utani wangu hadi mwisho, hata ule mbovu. "Haya, wewe ndo unasoma, mie nimeishia la nne. Ila uyarudishe. Ule ni mkono wa marehemu."

Nilipanda kuchukua moja, naapa. Lakini nikiwa juu nikawaza, kila mtu ataleta moja, na mie nikileta moja nitakuwa nani?

"Yote?" Bi Somoe akauliza kutoka chini, akiwa kanishikia ngazi.

"Yote. Moja litabaki linafanya nini peke yake?"

Kesho yake paredi nikapigiwa makofi. Mwalimu wa nidhamu, ambaye jina langu hulitajaga akiwa na fimbo mkononi, alisema mimi ni mfano wa kuigwa, na kwa furaha hiyo akanipa dakika kumi za kuchekesha wageni kwenye mahafali. Matairi nikayapaka chokaa mara moja tu, mkono mmoja (wa pili niliona uvivu), herufi za mzee zikafichika, tukayapanga kwenye njia ya kuelekea meza kuu. Na kwa kuwa mama siku hiyo alikuwa kazini, mgeni wangu nikamwalika Bi Somoe. Alikuja kavaa kitenge kipya, akakaa safu ya pili.

Nikapewa maiki. Jamani, sikujua kunyamaza. "Kuna watu huku kwetu wanapanga matairi juu ya nyumba! Ukiwauliza, eti upepo! Sasa mama, nyumba yako inasafiri kwenda wapi mpaka uiwekee tairi za akiba?" Wazazi wakavunjika mbavu. Bi Somoe ndiye aliyecheka kuliko wote, anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, anamgusa mwenzake bega: "Ananisema mie huyo! Jirani yangu huyo!"

Nilikuwa bado nafurahia makofi nikaona upande wa kilima cha Wazo mawingu yamekuwa na rangi ya saruji. Halafu mlimani, juu ya shule, vumbi likasimama. Sina neno lingine, lilisimama wima, likaanza kuzunguka na kutembea, huku limebeba mifuko na majani na ndoo ya mtu. Watu wakatoa simu wanarekodi. Na mie, maiki mkononi, nikasema, "Tulieni wazee wangu, hicho ni kisulisuli tu, kijiografia hapa hapana..."

Bati la kwanza likapaa kule juu kama mtu kafunua ukurasa wa daftari. La pili. La tatu likaja kwetu, linajigeuza angani taratibu, watu wakalala chini, likashuka juu ya keki kwa kishindo. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kila siku. Nusu ya lile bati ilikuwa ya bluu na nusu haina rangi, maana Mzee Chilumba rangi ilimwishia katikati. Nilipolitambua, Bi Somoe alikuwa ameshasimama.

Mvua ikafuata hapo hapo. Chokaa yangu ya mkono mmoja ikaanza kutiririka, na kutoka kwenye geti mpaka meza kuu matairi yakajisoma yenyewe moja baada ya jingine: CHILUMBA. USIGUSE. CHILUMBA. USIGUSE.

"Chilumba ni nani?" mgeni rasmi akauliza.

"Mume wangu," Bi Somoe akajibu.

Hakupaza sauti. Akanigeukia, kitenge kimelowa chote. "Si ulisema hapa haufiki?"

Nikaizima maiki.

Tulipanda kwake mvua ilipokata, mie, Kelvin na Mwalimu Mushi. Nyumba za pembeni zilikuwa na mapaa yao. Yake ilikuwa imebaki kuta, godoro linachuruzika, na vinyago ambavyo mzee hakuvimaliza vimesimama ndani ya maji. Bi Somoe alikuwa anakikausha kimoja kwa kanga.

"Nilisema ni nadra na mara nyingi ni mdogo," Mwalimu akaniambia polepole. "Nikasema pia, nyumba zetu hazikujengwa kuungojea, kwa hiyo hata mdogo ukija unaumiza. Hapo wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namwigiza Kelvin, mwalimu."

Hata Kelvin hakucheka.

Siku ya tatu binti wa Bi Somoe alikuja kutoka Temeke kumchukua. Nilimkuta jirani yangu anapanda bajaji, vinyago amevifunga kwenye shuka. Nikamwamkia kwa heshima zote. "Marahaba," akasema. Lile "mwanangu" lake hakuliweka, na bajaji ikashuka mlima.

Siku hizi Mwalimu Mushi akisema neno "nadra" mie nanyamaza mpaka afike kwenye nukta, na nimeapa sitamwondolea mtu hofu yake kwa kumchekesha. Matairi niliyaviringisha mwenyewe kupanda mlima, moja kila jioni, nikayasugua chokaa yote ikatoka, nikayapanga ukutani kwake, maandishi yakiangalia njia. Yote matano nimerudisha. Paa la kuyaweka ndo hakuna.