Bao la Jovina kule Mwanza

Jovina alifundishwa mpira na baba yake, mzee Yusto, kwenye uwazi wa nyuma ya ghala la mahindi pale Kaengesa. Majirani walicheka, mzee mzima anakaa golini apigwe mashuti na binti. Yeye aliwajibu kwamba kipa wa bure hapatikani kila siku. Hata kifua kilipoanza kumbana alitoa kigoda nje, akajifunika blanketi kwa ule upepo wa Ufipa, akawa anaelekeza kwa fimbo: "Wa kushoto, mwanangu! Mguu wa kushoto umelala!"

Miaka ikapita, na mguu huo haukuwa na pa kwenda. Jovina alicheza mabonanza, akaolewa, akaachika, akauza vitumbua mtaa wa Chanji, mjini. Alikuwa anakaribia thelathini ligi kuu ya wanawake ilipoanzishwa na timu ya mjini Sumbawanga ikapata nafasi. Kocha Ambwene, mwalimu aliyehamia kutoka Mbeya, alimpa jezi. Mzee Yusto alipoonyeshwa jezi ile aliipapasa, akaigeuza, akainusa.

Msimu uliwaendea vibaya. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, mpaka watu wa mjini wakaacha kwenda uwanjani. Ulezi ulikuwa umeanza kuvunwa waliposafiri kwenda Mwanza, bado hawajaonja ushindi. Ijumaa kocha alikusanya simu zote, kama kawaida yake kabla ya mechi.

Kesho yake Jovina alifunga bao pekee la mchezo, kwa mguu wa kushoto. Wenzake wakambeba juujuu. Alikuwa bado anacheka alipomwendea kocha.

"Nipe simu, mwalimu, nimpigie baba."

"Dada Jovina, keti kwanza."

"Nimpigie kwanza, nitakaa baadaye."

"Mzee ametutoka. Tangu jana. Wamemzika leo."

Waliokuwa wakiimba walinyamaza mmoja mmoja. Jovina hakulia. Alivua viatu, akavifunga kamba pamoja, akavifungua, akavifunga tena.

Alipofika Kaengesa, maua ya kaburini yalikuwa yameshanyauka. Alipiga magoti pale mpaka mama yake, Bertilla, akaja kumfunika khanga mabegani.

"Yule kocha simsamehe, mama."

"Kocha hana kosa. Mimi ndiye niliyempigia nikamwomba anyamaze. Baba yako aliagiza, sauti yenyewe imeshakwisha: 'Mwacheni mtoto acheze.'"

"Na mimi? Mbona hamkuniuliza mimi?"

Bertilla alimsimulia tu jinsi habari za ushindi zilivyowafikia kwa redio pale msibani, watu wakapiga makofi na vigelegele, kisha wakakumbuka walipo, wakaangua kilio upya.

Jovina alirudi akamalizia mechi zilizobaki, maana alikuwa ametia saini mkataba. Timu ikashuka daraja.

Maandalizi ya msimu mwingine yalipoanza, Ambwene alimfuata Kaengesa, akamkuta shambani kwa mzee, anapalilia. Jovina alimkaribisha togwa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwalimu. Lakini siwezi."

"Bado una hasira na mimi?"

"Sina hasira na wewe. Wala na mama. Na baba nitamkasirikiaje? Ningekuwa na wa kumkasirikia, labda ningecheza. Sasa lawama yote imeuangukia mpira."

Alimsindikiza hadi barabarani, akampa mkono wa kwaheri, akarudi kumalizia mstari wake wa mahindi.