Mahindi ya Mama Yasiyopewa Mbolea

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshaanza. Ninasoma kilimo chuoni, hapa Lubumbashi, na prof wetu alinipa kishamba cha majaribio. Upande mmoja mahindi yangepata mbolea. Upande wa pili, tunaouita témoin, yasingepata kitu, ili tuone tofauti.

Pande zote mbili nilipanda mbegu ya mama, aliyonifungia kwenye kitambaa nilipotoka kwetu Kasenga. Yalipoota, nilikuwa nikichuchumaa kwenye témoin na kumpigia simu, nikisikia kelele za wauza samaki nyuma yake. Kisha majani ya pale yakaanza kugeuka manjano. Sheria niliijua, lakini nilishindwa kuvumilia. Nikaomba mavi ya kuku kwa mama mwenye nyumba wangu, nikawa nayabeba kila asubuhi kwenye begi la vitabu. Darasani wenzangu wakawa wanahama viti.

Témoin ikapita upande wa mbolea kwa urefu. Prof akaita darasa zima shambani.

“Mbegu hii inatoka wapi?”

“Kwa mama, Prof.”

“Umupigie. Weka haut-parleur, bote basikie.”

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Prof akauliza kwa heshima, “Mama, hii mahindi yenu iko na siri gani?”

Mama akacheka, kicheko kilekile ninachokiota kila siku. “Siri gani, ba prof? Si mutoto anaipatiaka mavi ya kuku! Anasema akiiona na njaa, ni kama anaona miye.”