Gari la Baba Lisilo na Viti vya Nyuma

Mpaka leo sijui nilitegemea nini siku ile. Pengine nilidhani baba angefurahi.

Baba ni seremala aliyestaafu, mtu wa upande wa ziwani, na anaishi Gatwekera, mtaa wa mabanda, katika chumba cha mabati ambacho mvua ikinyesha, maji hupita chini ya kitanda. Mimi ni fundi cherehani Kawangware, na nilikuwa nimempatia chumba cha mawe jirani na kwangu, sakafu kavu, choo ndani. Kilichobaki ni pesa ya kukilipia, na mali pekee aliyonayo baba ni gari: steshen wagoni ya Kifaransa, rangi ya maziwa, iliyonizidi umri. Gatwekera hakuna njia ya gari, kwa hiyo huliegesha mtaa wa juu, Olympic, kwenye ua wa kanisa lake, na kila Jumamosi hupanda kwenda kuliosha.

Gari hilo halina viti vya nyuma. Baba aliving'oa mama alipofariki, akapigilia mbao laini kutoka nyuma ya dereva hadi mlango wa nyuma ili jeneza likae sawa. Ndivyo tulivyomsafirisha mama hadi nyumbani ziwani kuzikwa. Baadaye majirani wakaanza kumwomba, na kwa miaka mingi wafu wengi wa Gatwekera wamerudi kwao juu ya mbao zile, wafiwa wakichanga mafuta tu. Nilipomwambia nataka kuliuza, alicheka.

"Nani atanunua hiyo, nyathina, mtoto wangu? Watu wanajua imebeba nani."

Hakusema hapana, na kwangu mimi hiyo ilitosha.

Nikaingia sokoni. Nilidhani gari kuukuu ni gari kuukuu, kumbe wanunuzi wake ni watu wa aina mbili wasiosalimiana. Wa kwanza alikuwa kijana wa gereji moja ya Kawangware. Alifungua mlango wa nyuma, akagonga mbao kwa vidole.

"Niaje siz. Hii boot iko set. Hapa naeka wufa mbili za mziki, hii ndai yako naishusha chini, naipiga rangi black, inakuwa noma."

Nikamuuliza kama anajua ni akina nani waliolala hapo. Akasema haina shida, mziki hautawaamsha. Nilimfukuza.

Wa pili alikuwa bwana mpole mwenye mvi, anayekusanya magari ya zamani. Alilizunguka polepole, akachungulia injini, akapapasa rangi, akaangalia hata kifuniko cha tangi. "Original," akawa anarudia, "original." Alipofika nyuma akaziona mbao. Kisha akasema kwamba likibaki hivi atalipa bei ya vyuma chakavu, lakini likirudishiwa viti vyake vyenyewe atalipa mara nne. Nikamwambia naweza kumshonea vipya, vizuri kuliko vya zamani. Akatikisa kichwa.

"Vipya sitaki, mama. Hata vikiwa vimeraruka, lete vile vile."

Nimeshona tangu niwe msichana na sijawahi kuona mteja anayelipa zaidi kwa kitambaa kilichoraruka.

Viti nilivipata hapo hapo Kawangware, kwa kinyozi wa Kitui ambaye ni rafiki wa baba tangu ujana wao. Wateja walikuwa wamevikalia wakingoja kunyolewa. Nilivijua mara moja, plastiki ile ya kahawia iliyokuwa ikitunata mapajani tukiwa wadogo. Nikamwahidi kinyozi benchi jipya, lakini hakufurahi.

"Mzee wako aliniambia hizi zisirudi," alisema.

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza."

Nikamwona ni mtu anayetafuta kisingizio cha kubaki na viti. Nikavipakia.

Jumamosi mnunuzi alikuja Olympic na fundi wake, tukamkuta baba akiosha gari. Aliona viti vikishushwa, akaweka kitambaa chini. Fundi alipofungua mlango wa nyuma ili ang'oe mbao, baba akamwambia angoje kidogo. Akavua viatu, akapanda, akalala chali juu ya mbao, mikono kifuani.

Niliganda. Kwetu hakuna mtu aliye hai anayelala mahali pa maiti. Hasira ikanipanda mbele ya wageni.

"Baba, shuka hapo. Unajitabiria nini?"

"Sijitabirii. Nilipima," alisema akiangalia dari. "Mama yako alikuwa mfupi. Hizi mbao nilikata kwa urefu wangu. Sasa ukirudisha viti, mimi mtanipeleka na nini?"

Nikajibu upesi, bila akili, kwamba tutakodi gari.

"La nani?"

Ndipo nikaelewa. Ni kweli alikuwa akiwasaidia majirani miaka yote ile, lakini gari alikuwa akilitunza kwa safari yake mwenyewe, na mbao zile ndizo alizotegemea zifukuze wanunuzi. Mimi nahangaika na sakafu kavu, yeye ameshapanga atakavyoondoka, na hajawahi kuniambia. Niliumia.

Mnunuzi alikohoa. Akasema kwa upole kwamba yeye hana haraka, anaweza kungoja mpaka mzee awe amelitumia, mradi nivitunze viti visipate unyevu.

Nilimkodolea macho. Nilitaka kumtukana na sikupata tusi lililotosha. Baba naye akiwa amelala vile vile akatoa mkono nje ya dirisha la pembeni, wakashikana na mnunuzi, wakakubaliana. Chumba cha mawe nilichomtafutia nikakiona kikienda hivyo.

Kisha baba akataka kuinuka, magoti yakakataa.

"Nivute, nyathina," aliniambia.

Nikamshika miguu kwa mikono miwili. Ilikuwa na joto, na niliogopa kuivuta nje kama jeneza.