Hakuna anayeingia magofuni bila kusaini kwa Firmin

Filimbi inalia mara mbili, fupi fupi, kisha mara moja ndefu. Mpulizaji haonekani bado. Kwenye ghorofa za Hillbrow, Johannesburg, madirisha yanafunguka, na mwanamke mmoja anajibu kutoka juu: "Papa Firmin, tumesikia. Hata waliokufa wamesikia."

Ndipo anapotokeza kwenye kona, saa moja kasoro robo asubuhi, Jumamosi ya Septemba 2018. Ana kofia pana, filimbi shingoni na daftari gumu jeusi kwapani. Suruali ni ya sare ya ulinzi. Muda mfupi uliopita alikuwa getini kwenye jengo la ofisi huko Marshalltown, anakokesha usiku sita kwa wiki.

Firmin Kabeya, 41, alitoka Lubumbashi miaka tisa iliyopita. Ulinzi unamlipa randi 3,900 kwa mwezi. Mara moja moja, kwa randi 250 kila kichwa, nyama ya kuchoma ikiwemo, anawatembeza Waswahili wenzake kwenye magofu ya mawe ya Klipriviersberg, kusini mwa jiji.

"Usiku nalinda kompyuta zisiibiwe," anasema. "Mchana naonyesha watu mawe ambayo hakuna mwizi anayeyataka. Moyo unapumzika."

Leo moyo haupumziki. Kati ya wageni kumi na watatu yumo Serah Kagendo, Mkenya anayefanya kazi benki Sandton. Kanisa lake lina familia sitini na linatafuta mtu wa kuwatembeza kila mwezi. Serah ametumwa kumpima. Akikubali, Firmin anaaga geti. Akikataa, Jumapili jioni anarudi kuvaa beji.

Gari linawashusha chini ya kilima, wanapanda taratibu. Pundamilia wanawatazama, wanaendelea kula majani. Kisha kuta zinajitokeza nyasini: mawe yaliyopangwa bila saruji, duara ndani ya duara, na mlango mwembamba wa kupita mmoja mmoja.

"Watswana walijenga hapa kabla dhahabu haijawaleta wengine," Firmin anaeleza. "Katikati walilala ng'ombe. Pembeni walilala wenye ng'ombe. Sasa, kabla ya kuingia, tupige hodi."

Wanapiga hodi. Firmin anajibu mwenyewe kwa niaba ya wenye nyumba, sauti nzito: "Karibuni, ila mfute miguu." Kicheko kinapasuka.

Kisha anafungua daftari. Jina, saa ya kuingia, sahihi. Kama getini.

"Wewe Firmin," Serah anasema, "mimi nasaini ofisini Jumatatu hadi Ijumaa. Nimelipa randi mia mbili na hamsini nije kusaini kwa ng'ombe waliokufa zamani?"

"Dada Serah, mkono umezoea. Bila kuandika, siwezi kumruhusu mtu kupita. Hata mke wangu Murielle, nikiwa nimesinzia, namuuliza anamtembelea nani."

Serah anasaini, lakini midomo ameibana. Firmin anaiona. Anachukua kalamu yake, anaendelea.

Kwa saa mbili anawazungusha. Anawaonyesha majivu ya kale, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia yaliyobonyea katikati. Kila anayetoka anasaini tena. Mlangoni kuna msongamano. Jua limewaka, na harufu ya nyama inapanda kutoka chini, ambako dereva Théodore amewasha mkaa.

Chini, Serah anahesabu vichwa. "Kumi na watatu. Tumetimia. Tule."

Firmin hali. Anapitisha kidole kwenye daftari, mstari kwa mstari, kidole kinasimama. "Mama Victorine hajatoka."

"Nimehesabu mwenyewe, Firmin."

"Umemhesabu na Théodore. Yeye hakupanda."

Serah anageuka. Dereva anainua mkono wenye koleo. "Mimi ni wa gari, dada."

Wanapanda mbio, filimbi ikilia. Mama Victorine, 63, msusi wa Hillbrow mwenye asili ya Kalemie, Kongo, wanamkuta kwenye duara la mwisho. Amevua viatu, ameegemea ukuta, kiganja kimetulia ndani ya jiwe la kusagia.

"Mama, umetutisha," Serah anasema, akihema.

"Nimewatisha nini? Nyumba ina kivuli, haina kodi, jirani hapigi muziki. Bibi yangu alikuwa na jiwe hili hili. Nilipokuwa mdogo nilikula unga wake mbichi, akanichapa." Anacheka hadi machozi. "Nimekaa nimsalimie. Nikajua tu, Firmin ana daftari."

Serah anamtazama mama, kisha kuta, kisha mwanamume mwenye kofia. Ananyoosha mkono. "Lete kalamu."

Yeye mwenyewe anaandika saa ya Mama Victorine kutoka. Chini yake anaandika jina la kanisa lake. "Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mabasi mawili. Na kila mtu atasaini, hata mchungaji."

Firmin anafunga daftari polepole. Ananuia kuacha lindo mwisho wa Oktoba, anunue darubini na hema la kivuli, na aongeze safari ya alasiri hadi minara ya Orlando, Soweto, ambako watu hujirusha wakiwa wamefungwa kamba.

"Na hao wanaojirusha utawasainisha?" Mama Victorine anauliza, akivaa viatu.

"Kabla na baada, mama."

Anampa mkono, anamwinua. Mlangoni mwa mawe anasimama, mkono wa mama bado kiganjani mwake.

"Waliojenga hapa hakuna aliyeandika majina yao," anamwambia. "Geti la Marshalltown naliacha, mama, lakini daftari siliachi. Nakuahidi mbele ya hawa: nikiwa na kalamu, hutabaki nyuma bila mtu kujua."