Tofali la Marsiana

Mwalimu Deodata alifundisha darasa la kwanza katika shule yetu tangu ilipofunguliwa mwaka 1975 hadi alipostaafu, na sikumbuki siku hata moja aliyopewa cheti au kupigiwa makofi. Mimi Pancras nilifundisha la tatu, chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati yetu. Naandika habari zake kwa sababu wengine waliotakiwa kuziandika wamekuwa wakubwa mno kumkumbuka mwalimu aliyewafundisha a, e, i, o, u.

Kijiji chetu kiko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Nyakahura. Tulikusanywa hapo mwaka 1974, Wasubi, Wazinza na Wahangaza, kila mmoja na mbuzi wake na kinyongo chake. Watoto hawakujuana, na madawati hayakuwepo. Deodata akabuni jambo lake. Siku ya kuandikisha, mwezi wa nane, wakati wa kiangazi, kila mtoto alifyatua tofali moja, na likiwa bado bichi akaligandamizia kiganja chake. Likachomwa pamoja na matofali ya kijiji. Januari mtoto akija kuanza shule, anakuta mkono wake unamngoja sakafuni. Anaukalia. Kiangazi kikirudi, tofali linaingia ukutani chini ya madirisha, na mwenyewe anahamia kwenye magogo pamoja na wakubwa.

Sheria ilikuwa moja: hukalii mkono wa mwenzako. Watoto waliishika sheria hiyo kuliko zote nilizowachapia mimi. Aliyekuwa analia akimtaka mama yake alioneshwa kiganja chake tu, akanyamaza. Mimi utaratibu huo niliuita mchezo wa kupoteza muda, tena mbele ya mwalimu mkuu.

Mwaka 1978 mtoto wa pekee wa Deodata, Marsiana, alifyatua lake. Deodata alikuwa mjane, hakuwa na mwingine. Desemba mtoto akashikwa na surua. Vita vilikuwa vimeanza, magari yalikuwa yamekwenda mpakani, tukambeba kwa machela kuelekea hospitali. Alifia njiani, jua likiwa utosini.

Deodata hakulia. Tulizika, tukala ugali wa msibani, na shule ilipofunguliwa aliomba chaki akaanza kuita majina. Tofali la mwanawe alilipanga mstari wa mbele na mengine, na watoto wakawa wanalizunguka. Jina halikutajwa tena pale kijijini. Hata mimi nilisema "yule marehemu", kwa sauti ya chini.

Nisidanganye, hatukumfariji. Mwaka ule sote tulikuwa na ganzi. Redio ilisema vijana wanasonga mbele, tulisikiliza, kisha tukaenda kulima shamba la kijiji.

Februari akaletwa Mwanamvua. Baba yake alikuwa na duka kule Kyaka. Watu walipokimbia, baba alirudi kuchukua kitu dukani na hakuonekana tena. Mtoto akafikishwa kwa shangazi yake Pili, mfanyabiashara wa soko la Nyakahura, na kwa kuwa shule za karibu zilikuwa zimejaa wakimbizi, akaletwa kwetu. Alikuwa na miaka saba na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha walimu wote tukijumlishwa.

Lakini hakuwa na tofali. Masika yalikuwa yanakaribia, hakuna aliyekuwa anafyatua wala kuchoma. Akasimama. Akaandika akiwa ameegemeza daftari ukutani, wiki nzima. Alipojaribu kuchuchumaa kati ya wawili walimwambia, "Wewe huna mkono hapa." Hawakuwa watoto wabaya. Walifundishwa hivyo, na aliyewafundisha alikuwa amesimama palepale na chaki yake.

Nikamfuata wakati wa mapumziko. "Mwalimu Deodata, si kuna tofali moja halina mtu?"

"Lina mtu," alisema, akaendelea kufuta ubao.

Niliona aibu, nikaondoka. Siku iliyofuata mtoto hakuja, na nyingine pia. Ijumaa akaja shangazi Pili, kanga imelowa jasho.

"Mwalimu, mwanangu anasema shuleni kwenu hana pa kukaa. Hata huko alikotoka hana. Mimi nimwambie nini?"

Deodata alimtazama, kisha akainama kuokota vipande vya chaki. Pili alingoja, kisha akarudi zake, na mimi nilikasirika mpaka nikashindwa kufundisha hesabu.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Deodata barabarani, kata ya kanga kichwani na tofali la mwanawe juu yake. Nilitaka kumpokea, akakataa. Alitembea nalo hadi Nyakahura, mimi nikimfuata nyuma, akaliweka mbele ya mtoto katikati ya mafungu ya dagaa, akasema, "Jumatatu uje nalo mwenyewe." Akageuka kurudi.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza anajisikiaje.

"Sijisikii kitu, Mwalimu Pancras. Shingo tu inauma."

Jumatatu Mwanamvua alikuja nalo kifuani, jasho linamtiririka. Watoto wakampisha. Akaliweka mstari wa mbele, akakitazama kile kiganja, kisha akakaa upande mmoja wa tofali, nusu tako hewani, akaacha kiganja wazi. Alikaa hivyo hadi kiangazi. Nilimwambia akae vizuri, mgongo utapinda. Alisema, "Naam, mwalimu," akabaki vilevile.

Julai, vita vimekwisha, tukajenga. Watoto walipanga foleni na matofali yao mbele ya fundi Theonest. Kila mmoja alitaja jina lake, fundi akapaka udongo juu ya kiganja na kulipachika tofali ukutani. Deodata alisimama pembeni akiweka alama kwenye daftari, uso wake ukiwa uleule wa mwaka mzima.

Ikafika zamu ya Mwanamvua.

"Hiri ra nani?" fundi aliuliza.

"La Marsiana na mimi."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jirani yake. Hakuwahi kumwona huyo Marsiana. Jina alilipata kwa wenzake, kwa kunong'onezwa. Theonest akabaki na mwiko juu, hajui apake au asipake.

Daftari likaanguka. Deodata alikaa chini palepale kwenye udongo wa fundi, akalia kwa sauti, kilio cha Desemba kilichochelewa miezi saba. Hatukujua la kufanya, sisi watu wazima. Mimi nilitazama ukuta.

Mwanamvua alimkabidhi fundi tofali. Kisha akaenda akakaa udongoni karibu na mwalimu wake, akaacha nafasi ndogo katikati.