Jiwe Shavuni mwa Chiku

Niliondoka Matiri alfajiri, nina hasira. Jana yake kaka yangu Osmundi alipiga simu kutoka nyumbani kwetu ziwani: shavu la punda wetu Chiku limevimba, kesho wanalichoma kwa chuma cha moto, kama kwetu wanavyochoma kila uvimbe wa punda. Chiku huyo huyo aliyebeba magunia ya usipa, dagaa wetu wa Nyasa, mpaka nikamaliza kidato cha nne!

"Ukimchoma, usiniite dada," nilimwambia. Nikamfunga mwanangu mgongoni.

Saa mbili, Mbinga mjini, nilimkuta bwana mifugo.

"Anakula?"

"Vizuri tu."

"Uvimbe mgumu?"

"Kaka anasema kama jiwe."

"Basi huenda ni jiwe kweli. Twende."

Baada ya kijiji cha Tingi, ziwa likaonekana chini. Hapo ndipo utotoni nilipokuwa nikidandia juu ya magunia, miguu inaning'inia, mikono shingoni mwa Chiku. Nilisikia harufu ya usipa kabla hatujafika.

Saa saba tuliingia uani. Chuma kilikuwa tayari kwenye makaa.

"Shikamoo kaka. Toa hicho chuma."

"Marahaba, mkali wetu. Hata maji hujanywa?"

Bwana mifugo alimdunga Chiku sindano, punda akasinzia wima. Akatia ganzi, kisha akachomeka sindano kwenye uvimbe. Ikagota.

"Si jino. Jiwe limeziba njia ya mate."

Alipasua kwa ndani ya shavu, mate yasije yakavujia nje. Likateleza kiganjani mwake, jeupe, kubwa kama yai la kanga. Kidonda akakiacha wazi, kioshwe kwa maji ya chumvi.

"Limekua miaka mingi hili. Hamkuwahi kuligusa?"

Nililigusa, likiwa kama punje ya harage. Niliwaita wenzangu walishike, nikawaambia Chiku kaficha mahindi. Tulicheka mpaka basi.

"Nilitaka kumwambia baba," Osmundi akasema polepole. "Ukalia. Ukasema atachomwa."

Kesho yake Chiku alitafuna majani laini. Osmundi alinisindikiza njiani.

"Chuma nimekitupa ziwani," alisema.

"Nisamehe, kaka."

"Nenda salama, mkali wetu."

Nilirudi Matiri na jiwe nimelifunga kwenye pindo la khanga. Njia nzima ya kwenda nilikuwa namtukana wa kulaumiwa. Kurudi nilikuwa naye, kambeba mtoto mgongoni.